Turbinia: Injini Nzima, Propela Isiyoshika Maji

Novemba 1894, boti nyembamba ya chuma iliyojengwa Wallsend, kando ya mto Tyne kaskazini-mashariki mwa Uingereza, ilitolewa kwa jaribio lake la kwanza la mwendo. Urefu wake ulikuwa karibu mita 32, upana haukufika mita 3, na uzito ulikuwa kama tani 44. Ndani yake mlikuwa na mashine ambayo hakuna chombo cha baharini kilichokuwa kimewahi kuendeshwa nayo: tabaini ya mvuke, yaani magurudumu yenye mabapa yanayozungushwa na mvuke unaopita kati yake. Mwenye boti, mhandisi Charles Parsons, alikuwa akitafuta mwendo wa zaidi ya noti 30 (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa). Siku hiyo, na katika majaribio mengine yaliyofuata kwa miezi mingi, Turbinia haikufika hata noti 20.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kuanzia mwisho wake. Tarehe 26 Juni 1897, kwenye gwaride la meli za kivita huko Spithead kuadhimisha miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, Turbinia ilipita kati ya safu za manowari na hakuna boti ya doria iliyoweza kuikamata. Wengi huongeza kwamba Malkia mwenyewe alikuwa akitazama. Hakuwapo, aliyekagua meli ni mwanawe, Mwana Mfalme wa Wales. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ukianzia Spithead unapata hadithi ya injini mpya iliyoshinda injini kongwe, na hadithi hiyo inaficha kilichotokea. Injini ya Turbinia ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kilichoharibu mambo kilikuwa nje ya bodi, chini ya tezi (sehemu ya nyuma ya chombo), kwenye maji.

Tuanze na kile Parsons alichokuwa nacho. Tabaini yake ya kwanza, ya mwaka 1884, ilizunguka mara 18,000 kwa dakika na ilitengenezwa kuzalisha umeme. Kwa jenereta, kasi hiyo ni neema. Mvuke wenye shinikizo kubwa huruka kwa kasi kali mno, na magurudumu ya tabaini yakizunguka polepole mvuke hupita bila kuachia nguvu yake. Kwa hiyo tabaini ni mashine inayotaka kukimbia. Propela ya meli ina tabia iliyo kinyume kabisa. Kazi yake ni kusukuma maji nyuma ili chombo kiende mbele, na hapa hesabu ni ya kikatili kidogo: msukumo unategemea wingi wa maji uliyoyasukuma mara mwendo uliyoyapa, ilhali nishati unayolipia inapanda kwa mraba wa mwendo huo. Ukisukuma maji maradufu kwa nusu ya mwendo, unapata msukumo uleule kwa nusu ya nishati inayobaki nyuma yako kama maji yanayokwenda bure. Ndiyo maana propela nzuri ni kubwa na haina haraka. Meli za kontena za leo zenye injini kubwa za dizeli za mipigo miwili huzungusha propela mara 80 hadi 100 hivi kwa dakika, na ile ya meli Emma Mærsk ina kipenyo cha mita 9.6.

Parsons hakuwa na njia ya kupunguza kasi kati ya mashine na propela. Gia za kubeba nguvu kubwa hivyo kwa kasi hiyo hakuna aliyekuwa amezikata kwa usahihi uliohitajika. Akaunganisha shafti, ule mhimili unaozungusha propela, moja kwa moja na tabaini: mzunguko wa tabaini ukawa ndio mzunguko wa propela. Alikuwa ameishusha kasi ya tabaini kadiri alivyoweza, lakini bado ilikuwa karibu mizunguko 1,700 kwa dakika na zaidi.

Propela ya kwanza ilikuwa ya mapanga mawili, kipenyo inchi 30, yaani sentimita 76. Pichi yake, ule umbali ambao ingesonga mbele kwa kila mzunguko kama maji yangekuwa kitu kigumu nayo ni skrubu, ilikuwa inchi 27. Ukizidisha kwa mizunguko 1,700 unapata kama mita 1,170 kwa dakika, sawa na noti 38. Chombo kilikwenda nusu ya hapo tu. Hiyo tofauti kati ya mwendo wa skrubu na mwendo wa chombo ndiyo mabaharia huita mtelezo, na propela yoyote inao, kwa sababu bila kuteleza kidogo hakuna maji yanayosukumwa nyuma. Asilimia 15 au 20 haimshtui mtu. Karibu asilimia 50 ni ishara kwamba propela haishiki maji.

Hapo ndipo napenda jinsi Parsons alivyofanya kazi. Alikuwa na mashine mpya isiyojulikana na propela ya kawaida inayojulikana. Mtu yeyote mwenye haraka angeilaumu mashine. Yeye akatengeneza dainamomita ya springi, akaiweka kati ya tabaini na shafti ya propela, ikawa inapima msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, unaopita pale. Kipimo kikamwambia kwamba tabaini inatoa nguvu yake kama ilivyokusudiwa. Nguvu inaingia kwenye shafti, lakini haitoki kama msukumo. Kabla ya kipimo hicho mjadala ulikuwa wa maoni. Baada yake hapakuwa na haja tena ya kufungua tabaini.

Akabadilisha propela. Akajaribu yenye mapanga manne. Akajaribu kupanga propela tatu ndogo, moja nyuma ya nyingine kwenye shafti hiyo moja, ili mzigo ugawanyike. Hiyo ya mwisho ilikuwa afadhali, ikatoa karibu noti 20, na hapo ikakwama.

Sababu haikuwa ngeni kabisa. Mwaka mmoja hivi kabla, manowari ndogo HMS Daring, iliyojengwa na karakana ya Thornycroft, ilikuwa imekwama karibu na noti 24 huku ikitetemeka vibaya, ingawa injini zake za pistoni zilikuwa na nguvu ya kutosha. Mhandisi Sydney Barnaby na wenzake waliongeza eneo la mapanga ya propela kwa karibu nusu, bila kugusa injini, na mwendo ukapanda hadi zaidi ya noti 28. Jina la tatizo lilipendekezwa na mhandisi wa meli R. E. Froude: kavitesheni.

Panga la propela halisukumi maji kwa uso wake wa nyuma tu. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na mgongo wake, upande unaotazama omo (mbele ya chombo), ambako shinikizo hushuka na maji hufyonzwa. Lakini ufyonzaji una kikomo. Maji ya juu juu ya bahari yamebanwa na uzito wa hewa, kiasi cha angahewa moja, na kila mita 10 za kina huongeza angahewa nyingine. Propela ya Turbinia ilikuwa karibu sana na uso wa maji, kwa hiyo haikuwa na akiba zaidi ya angahewa moja na kidogo. Panga likijaribu kufyonza kupita hapo, maji hayafuati tena. Yanachemka yakiwa baridi, kwa sababu shinikizo limeshuka chini ya lile linaloyaweka kuwa kimiminika, na mgongo wa panga unafunikwa na mfuko wa mvuke. Kuanzia hapo, kuongeza kasi ya shafti kunaongeza ukubwa wa mfuko, siyo msukumo.

Sasa pima kasi ya ncha ya panga ile ya kwanza. Mzingo wa duara la sentimita 76 ni kama mita 2.4, mara mizunguko 1,700 ni zaidi ya mita 4,000 kwa dakika, karibu kilomita 245 kwa saa. Kwa kasi hiyo, na kwa mapanga mawili tu ya kubeba mzigo wote, hakukuwa na namna ya kukwepa kavitesheni. Hata ungenyoosha panga na kuling'arisha vipi, angahewa ni ileile.

Msomaji aliyezoea mambo ya meli huenda anafikiria kavitesheni kama ugonjwa wa kutoboa: vile vishimo kama vya tindikali unavyoviona kwenye propela ikipandishwa chelezoni. Huo ni upande mwingine wa jambo. Vishimo hutokana na viputo vinavyopasuka kwa ndani vikifika mahali penye shinikizo kubwa, na mwanafizikia Lord Rayleigh alikuja kukokotoa nguvu ya pigo hilo mwaka 1917. Kinachokula chuma ni kavitesheni ndogo ya kudumu. Kilichoikwamisha Turbinia ni kavitesheni kubwa kiasi cha kuikatia propela msukumo. Tofauti hii ina maana kwa fundi, kwa sababu vishimo unaweza kuishi navyo ukaziba kwa kulehemu, lakini msukumo ukikatika hakuna cha kuziba.

Parsons hakutaka kubahatisha zaidi kwenye boti kamili, ambako kila propela mpya ilikuwa gharama ya kusubu, kusafisha na kupandisha chombo. Alitaka kuiona kavitesheni kwa macho. Shida ni kwamba propela ndogo ya mezani haifikii kasi ya kuchemsha maji baridi kwa urahisi. Njia yake ya kwanza ilikuwa rahisi hadi inachekesha: alizungusha kielelezo ndani ya maji ya moto yaliyokaribia kuchemka, ambayo hayahitaji kushushwa shinikizo sana. Kisha mwaka 1895 akatengeneza bomba la shaba lenye umbo la yai lililofungwa pande zote, maji yakizunguka ndani, na propela ya kipenyo cha inchi 2 ikizunguka mbele ya kidirisha. Juu aliweka pampu ya kutoa hewa. Ukiondoa uzito wa hewa juu ya maji, kavitesheni inakuja kwa kasi ya kawaida kabisa. Mwanga wa taa ya arki ukapigwa kwa kioo kinachozunguka sambamba na shafti, hivyo propela ikaonekana kama imesimama, na mifuko ya mvuke ikaonekana wazi mgongoni mwa mapanga. Akapiga picha.

Bomba hilo ndilo la kwanza la aina yake duniani, na bado limehifadhiwa Newcastle. Matangi makubwa ya kupimia propela ya leo, ambako kampuni hupeleka vielelezo kabla ya kusubu propela ya tani mia moja, yanafanya jambo lilelile: kushusha shinikizo ili kitu kidogo kiteseke kama kikubwa. Parsons mwenyewe alijenga kubwa zaidi Wallsend mwaka 1910, la propela za inchi 12. Kwangu mimi hilo bomba ni matokeo makubwa kuliko mbio za Spithead, ingawa halina picha ya kuvutia watu.

Alichokiona kilimpa masharti. Mzigo kwa kila sentimita ya mraba ya panga lazima ushuke. Hiyo inamaanisha eneo kubwa zaidi la mapanga. Lakini kupanua kipenyo kunaongeza kasi ya ncha, na kasi ya shafti hawezi kuishusha kwa kiasi kikubwa bila kuua ufanisi wa tabaini. Njia iliyobaki ilikuwa kugawanya nguvu kwenye propela nyingi ndogo zenye mapanga mapana.

Hapa hali yake ya kisheria ilimsaidia. Alipoachana na washirika wake wa zamani wa biashara mwaka 1889, hataza za tabaini yake ya awali, ile ambayo mvuke hupita sambamba na shafti, zilibaki kwao. Ndiyo sababu tabaini ya kwanza ya Turbinia ilikuwa ya mtindo mwingine, mvuke ukitoka katikati kwenda nje. Baada ya kurudishiwa hataza hizo aliweza kuchomoa mashine nzima na kuweka tabaini tatu za mtindo wa sambamba. Mvuke kutoka boila uliingia ya shinikizo la juu, ukatoka kwenda ya kati, kisha ya shinikizo la chini, ndipo ukaingia kondensa, unakopozwa uwe maji tena. Kila tabaini ilikuwa na shafti yake, na kila shafti ikabeba propela tatu. Jumla propela tisa, kila moja ya inchi 18.

Hesabu ya haraka inaonyesha alichopata. Duara moja la inchi 30 lina eneo la kama mita za mraba 0.46. Maduara tisa ya inchi 18 yana karibu 1.48, zaidi ya mara tatu. Hata kwa mizunguko zaidi ya 2,000 kwa dakika, ncha za propela hizo ndogo zilikwenda polepole kuliko ile ya kwanza kwa mizunguko 1,700. Profesa James Ewing wa Cambridge alipoipima boti mwaka 1897, ilipita noti 32, na baadaye ilifika 34.5 kwa nguvu ya karibu farasi 2,000. Manowari zenye kasi kuliko zote wakati huo zilikuwa na noti 30 hivi.

Je, propela tisa zilikuwa suluhisho zuri? Jibu langu ni kwamba zilikuwa suluhisho sahihi la swali lililowekwa vibaya, yaani namna ya kuilazimisha propela iende kwa kasi ya tabaini. Propela zikiwa tatu kwenye shafti moja, ya pili na ya tatu zinapokea maji yaliyokwisha kusukumwa na kusokotwa na ya kwanza. Hazipati maji matulivu, kwa hiyo hazifanyi kazi mara tatu ya propela moja. Angeweza kuzifanya zizunguke kinyume, wazo ambalo John Ericsson alikuwa amelijaribu tangu miaka ya 1830, ili ya nyuma irudishe nguvu iliyopotea kwenye msokoto. Lakini shafti ndani ya shafti kwa kasi hiyo ingekuwa jinamizi la beringi na mafuta. Kisha kuna kurudi nyuma. Tabaini haigeuzwi. Ilibidi iwekwe tabaini ndogo ya ziada kwenye shafti ya katikati peke yake, hivyo propela tatu tu kati ya tisa ndizo zilizoweza kuirudisha boti. Chombo cha noti 34 chenye breki dhaifu namna hiyo si kitu ningependa kukiongoza kwenye mlango wa bandari.

Hata hivyo dunia ilinunua mfumo huo kama ulivyo. HMS Viper ilifuata mwaka 1899 ikiwa na shafti nne na propela mbili kwa kila shafti. Meli ya abiria King Edward, ya kwanza ya biashara kuendeshwa kwa tabaini, ilianza kazi kwenye mto Clyde mwaka 1901 na shafti tatu. Manowari kubwa HMS Dreadnought ilikuwa na tabaini mwaka 1906, na meli ya abiria Mauretania mwaka 1907. Kadiri meli zilivyokuwa kubwa, propela nyingi kwenye shafti moja ziliachwa, zikabaki moja kwa kila shafti. Lakini shida ya msingi ilibaki, ila imegeuzwa upande. Mauretania ilizungusha propela zake chini ya mara 200 kwa dakika, na kwa sababu shafti ni ileile, tabaini nazo zililazimika kuzunguka hivyo. Tabaini inayozunguka polepole lazima iwe na ngoma kubwa mno ili mabapa yake yafikie kasi inayofaa mvuke. Kwenye Turbinia propela ndiyo iliyoteseka kwa ajili ya tabaini. Kwenye meli kubwa zenye tabaini iliyounganishwa moja kwa moja na propela, tabaini iliteseka kwa ajili ya propela. Na zote mbili ziliteseka meli ikienda mwendo wa taratibu, ndiyo maana Dreadnought iliwekewa tabaini za ziada za kusafiria.

Aliyeliuliza swali upya ni Parsons yuleyule. Mwaka 1909 alinunua meli kuukuu ya mizigo, Vespasian, iliyojengwa 1887. Kwanza aliirekebisha injini yake ya pistoni ya upanuzi mara tatu (mvuke uleule hutumika katika silinda tatu mfululizo) na kuipima kwa uangalifu. Kisha akaing'oa, akaweka tabaini na gia ya kupunguza kasi mara 20 hivi, kutoka zaidi ya mizunguko 1,400 hadi 70 na kitu, bila kubadili propela wala shafti. Meli ile, propela ile, kitu kimoja tu kimebadilika. Matumizi ya mvuke yalishuka kwa takriban asilimia 15. Gia zenyewe zilipoteza asilimia 2 hivi ya nguvu. Kwa bei hiyo ndogo kila upande ulipata kasi unayoitaka, na ndani ya muda mfupi tabaini za moja kwa moja zikaanza kuonekana za kizamani.

Sasa chukua bodi ileile ya Turbinia, mita 32 kwa chini ya 3, na mtu akuambie uiendeshe kwa noti 34 kwa vifaa vya leo. Baadhi ya majibu yanajiondoa yenyewe. Propela ndani ya pete, aliyoitangaza Ludwig Kort miaka ya 1930, inavuta vizuri ajabu kwenye tagi, boti ya kuvuta na kusukuma meli, kwa mwendo wa chini, lakini kwa kasi hii pete inageuka kuwa kizuizi. Mfumo wa Voith-Schneider, wenye mapanga yanayoning'inia wima chini ya bodi, una faida yake kwenye feri na tagi zinazohitaji kujigeuza papo hapo, siyo kwenye mbio. Podi za umeme zinazozunguka chini ya tezi, kama Azipod, zinapendeza kwenye meli za kitalii na za kuvunja barafu. Hapa ni uzito na ukubwa usio na kazi.

Propela ya pichi inayobadilika ingemaliza tatizo la kurudi nyuma, kwani mapanga yanageuka kwenye kitovu na shafti inaendelea kuzunguka upande uleule. Gharama yake ni kitovu kinene, na kwenye propela ndogo ya kasi kitovu kinene hula eneo ambalo Parsons alilipigania kwa propela tisa. Zipo pia propela zilizochongwa makusudi ili zifanye kazi ndani ya kavitesheni, mgongo wa panga ukiwa umefunikwa na mvuke wote na panga likiwa na umbo la kabari. Zinafaa kwenye boti za mbio. Kwenye mwendo wa kawaida ni duni, na Turbinia nayo ilipaswa kwenda taratibu ikiingia mtoni.

Uamuzi wangu ungekuwa dizeli mbili za kasi, kila moja na giaboksi yake, na uchaguzi kati ya propela mbili za kawaida zenye mapanga mapana au jeti mbili za maji. Kwa noti 34 ningeegemea jeti. Pampu iko ndani ya mfereji, ambako shinikizo la maji yanayoingia kwa mwendo wa chombo huisaidia kuahirisha kavitesheni. Hakuna shafti wala mabano yanayokokota maji nje ya bodi, na kurudi nyuma ni suala la kushusha ndoo inayogeuza mkondo wa maji kwenda mbele, jambo la sekunde chache, bila kugusa injini. Ila mtu akiniambia chombo hicho kitatumia nusu ya maisha yake chini ya noti 15, naondoa jeti mara moja, kwa sababu kwenye mwendo huo zinakula mafuta kuliko propela, na narudi kwenye shafti mbili zenye gia, zinazozunguka polepole kadiri kina cha bodi kitakavyoruhusu kipenyo.